Mimi ni Nani Nimruhusu Daktari?

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, mjukuu wake wa miaka 11 kamwegemea begani. Nilikuwa nimemsomea ukurasa wa kwanza wa fomu, nikamaliza wa pili, sasa nimefika mstari wa mwisho kabisa, ule unaotangulia saini na dole gumba. Nikasoma: "Ninamruhusu daktari wa utafiti kuchukua damu ya mtoto wangu." Bibi akainua kiganja. "Hebu rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Akautazama mlango wa chumba cha daktari, kisha akanigeukia. "Mimi ni nani nimruhusu daktari? Daktari ndiye anayeturuhusu sisi."

Sikuwa na jibu. Sentensi ile ilikuwa yangu. Kazi yangu ni kutafsiri, na fomu za aina ile zina utaratibu wake: mmoja anatafsiri kutoka Kiingereza, mwingine ambaye hajaiona ile ya mwanzo anairudisha kwenye Kiingereza, halafu kabla haijachapwa inasomewa watu wa kawaida ili ijulikane wanasikia nini. Hatua mbili za kwanza zilikuwa zimepita bila tatizo. Kiingereza kilisema "I permit", nikaandika "ninaruhusu", mwenzangu akarudisha "I permit", sote tukalala salama. Kosa lilisubiri mpaka tufike kwenye benchi.

Na bibi alikuwa sahihi kwa Kiswahili chake, ambacho ndicho changu pia. Mgonjwa akilazwa siku tatu, ndugu wakaulizana kwa simu, jibu huwa "ameruhusiwa jana" au "hajaruhusiwa bado". Mwanafunzi huruhusiwa na mwalimu, askari na mkubwa wake, mfanyakazi na bosi. Ruhusa kwetu inashuka kama maji, haipandi mlima. Kumwambia mama wa kijijini kwamba yeye ndiye anamruhusu daktari ni kumvisha joho la mtu mwingine. Wengi hawatasema kwamba joho haliwatoshi. Watanyamaza, wataweka dole gumba, wataondoka. Tulibahatika kumpata mmoja aliyesema.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyafuatilia maneno haya, yale ya Kiingereza hasa, maana ndiyo yanayotuletea fomu, mikataba na barua za ofisini. Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. "Let": ruhusu. "Allow": ruhusu. "Permit": ruhusu. Ukifika "authorise" utakuta toa idhini, na pembeni yake ruhusu tena. Kamusi haidanganyi. Lakini mwenye lugha yake hayasikii maneno hayo kuwa neno moja, na anapochagua hili akaliacha lile, anakuwa amekwisha kusema ni nani mwenye mlango, kama alijua kinachopita, na kama alifungua kinywa.

Chukua "let". Hili ni neno la nyumbani, la mama na watoto, la marafiki. Linatoka kwenye Kiingereza cha kale, na maana yake ya mwanzo ilikuwa kuacha. Kwa hiyo ndugu yake wa damu kwa Kiswahili ni "acha" kuliko "ruhusu": mwache aende, waache wacheze. Mtu wa "let" huenda alisema ndiyo, huenda hakusema kitu, huenda alikuwa amesinzia. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi ya jirani, Mwingereza atasema mchungaji "let the cattle into the maize", na hakuna atakayedhani kwamba mchungaji alikaa, akatafakari, akatoa ruhusa. Aliwaacha tu. Uzembe wote huo umo ndani ya neno lenye herufi tatu.

Hata sarufi yake haifanani na ya wenzake. "Allow" na "permit" humfuatisha mtu na "to" kabla ya kitenzi. "Let" linaikataa hiyo "to": "let him go", basi. Na ukijaribu kuligeuza litaje aliyefanyiwa, linagoma. Mwingereza hasemi "I was let to go". Atahamia "allowed". Akikuambia "I was let go", mpe pole, maana kaachishwa kazi.

Kuna jambo moja la "let" ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Zamani yalikuwa maneno mawili yaliyokuja kufanana sauti, moja kuacha, la pili kuzuia. Vinyume kabisa. Katika tamthilia ya Shakespeare, Hamlet, mwana wa mfalme anashikwa na wenzake wasitake aufuate mzimu wa baba yake, naye anaapa kwamba yeyote "that lets me", yaani atakayenizuia, atamgeuza awe mzimu. Hilo la pili limekufa karibu lote. Limebaki kwenye tenisi, pale mpira wa kuanzishia unapogusa wavu ukapigwa upya, na kwenye pasipoti ya Uingereza, inayotaka mwenye pasipoti apite "without let or hindrance", bila kizuizi cha aina yoyote. Asiyelijua ataandika "bila ruhusa", na sentensi itasimama kichwa chini miguu juu.

Sasa niseme kosa ambalo liliniuma kuliko la fomu. Lilitokea miaka kadhaa kabla ya benchi la bibi, na kama ningelielewa vizuri wakati ule, huenda fomu ingekwenda sawa tangu mwanzo.

Kulikuwa na mlinzi wa ghala. Lori lilitoka usiku na magunia ambayo hayakupaswa kutoka. Mlinzi akaandika maelezo yake kwa mkono, kurasa mbili za daftari la mistari, kwa Kiswahili safi cha mtu aliyesoma shule ya msingi akaimaliza vizuri. Nikapewa nitafsiri, kwa kuwa wenye mali walikuwa nje ya nchi. Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: "Lile lori nililiacha likapita maana dereva alionyesha karatasi kama ya jana." Nikaandika kwa Kiingereza kwamba alisema "I permitted the lorry to pass".

Nilidhani nimemtendea wema. Niliona "let" ni neno dogo, la mitaani, lingemfanya aonekane hakwenda shule. "Permit" lilikuwa na suti na tai.

Siku kumi baadaye niliitwa kutafsiri barua ya majibu, safari hii kutoka Kiingereza, na humo nikakuta mlinzi anatuhumiwa kwamba "authorised" lori kutoka. Neno langu lilikuwa limepanda ngazi likiwa mikononi mwa watu wengine. Nililitoa getini nikalifikisha "permit", wakili akalipokea akalifikisha "authorise", na mtu aliyekuwa amesimama na tochi saa nane ya usiku akawa sasa ni ofisa aliyetumia mamlaka ambayo hakuwa nayo. Kosa la kwanza, kushindwa kuzuia, lingemletea onyo. Hili la pili lilikuwa la kufukuzwa, na pengine polisi.

Wakati ule ndipo nilipolazimika kukaa na maneno haya moja moja, kwa sababu nilitakiwa kuandika maelezo ya kujirekebisha na nisingeweza kuandika tu kwamba samahani, nimekosea. Ilinibidi nieleze tofauti. Niliandika kwamba kwenye "let" hakuna madaraka, kuna mtu aliyekuwa njiani na hakuzuia. Kwamba "allow" linasogea hatua moja: alijua, aliweza kuzuia, akakubali jambo liendelee. Kwamba "permit" linahitaji kanuni au cheo nyuma yake, na kwa kawaida linahitaji tendo la wazi, kusema au kuandika. Na kwamba kwenye "authorise" mtu anakuwa ameliwekea jambo jina lake. Ndani ya neno hilo kuna "author", mwenye kitabu, mwenye kuanzisha. Aliyeidhinisha ndiye mwenye jambo, wengine wote ni watekelezaji. Mlinzi hakuwa mwenye jambo. Aliliacha lori likapita.

Barua ilipokelewa. Mlinzi akaitwa upya, na safari hii akaulizwa aliona nini kwenye ile karatasi, swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Alibaki kazini. Sijasahau kwamba karibu nimtoe kazini kwa kumpenda.

"Allow" linahitaji kusemwa zaidi, maana ndilo linalofanya kazi nyingi kuliko yote. Limekuja Uingereza na Kifaransa cha kale, na ndani yake yamechanganyika maneno mawili ya Kilatini, moja la kusifu na moja la kutenga au kuweka mahali. Huko kwenye kutenga ndiko ilikotoka "allowance", posho: fungu ulilotengewa. Nikilifikiria hivyo linanikaa vizuri. Kumfanyia mtu "allow" ni kumtengea nafasi. Ndiyo maana linakubali wenyewe wa kila namna: baba, sheria, muda, hali ya hewa. "If time allows", muda ukiruhusu, na hapo hata sisi tunasema hivyohivyo. "Permit" lenyewe linapendelea kanuni na mabango. "Smoking is not permitted", limeandikwa ukutani, halina sura wala jina, hujui wa kubishana naye. Mama akimwambia mwanawe "I do not permit you to go out", mtoto atasikia kama anasomewa bango.

Na lipo "allow" la adabu, ambalo sisi tumelichukua na kulitumia kuliko wenyewe. Mikutano yetu inayoendeshwa kwa Kiingereza, Nairobi hadi Dar es Salaam, haianzi mpaka mtu asimame aseme "Allow me to take this opportunity". Hasubiri jibu. Hakuna aliyemruhusu wala aliyemkatalia, ameshaanza. Kiswahili hapo husema "naomba nichukue nafasi hii", na hilo "naomba" linamwinamisha msemaji kidogo mbele ya wenye mkutano. Kiingereza kinaamuru kwa upole, Kiswahili kinaomba. Sisemi kipi bora, ila nikitafsiri hotuba ninapafikiria sana pale.

Darasani nako kulikuwa na vita yake. Kila aliyesoma shule zetu anaikumbuka: unasimama mlangoni, umechelewa, unasema "May I come in?" Ukisema "Can I come in?", mwalimu wa zamu ya ukali anakujibu kwamba kuweza unaweza, miguu unayo, swali ni kama unaruhusiwa. Tulicheka tukirudi kwenye madawati, tukaamini kwamba "can" ni nguvu na "may" ni ruhusa, tangu dunia iumbwe.

Kumbe historia iko kinyume. "May" ndilo lililokuwa neno la nguvu. Ndugu yake ni "might", ambayo hadi leo kwa Kiingereza ni nguvu na uwezo. Na "can" lilikuwa neno la kujua. Kujua likawa kujua kufanya, likawa kuweza, na sasa linatumika kuombea ruhusa, kwa kufuata njia ileile ambayo "may" ilipita kabla yake. Maneno ya uwezo yanaonekana kuwa na tabia ya kuteleza kuelekea kwenye ruhusa. Letu limeteleza pia: "naweza kuingia?" inasemwa kila siku kwenye milango ya ofisi, na hakuna anayekujibu kuhusu miguu. Na lile la kujua tunalo: mtoto "anajua kuogelea", hatuoni haja ya kusema anaweza. Nikiwa mwalimu leo nisingemrudisha mtoto nje kwa sababu ya "can". Ningemwambia tu kwamba "may" ni nguo ya kuvaa siku ya wageni.

"Leave" ni zee zaidi na linanivutia kuliko yote. Watu wengi wanalijua kama likizo: "annual leave", "maternity leave". Lakini maana yake hasa ni ruhusa, na halina uhusiano na "leave" ya kuondoka ingawa yanaandikwa sawa. Asili yake imeungana na maneno ya Kiingereza ya kupenda na kuamini, "love" na "believe". Yaani ruhusa ya namna hii inatoka kwenye radhi ya mkubwa, kwenye kupendezwa kwake. Anayepewa "leave" amefadhiliwa. Mahakama za Uingereza zililitumia kwa karne nyingi, "leave to appeal", mpaka kanuni mpya za mashauri ya madai zilipoanza kutumika mwaka 1999 na kuweka "permission" mahali pake ili mwananchi wa kawaida aelewe anaomba nini. Uhamiaji wao haukubadilika. Mgeni anayetaka kuishi Uingereza bado anapewa "leave to remain", na asiyewekewa kikomo cha muda anapewa "indefinite leave to remain". Ndugu zetu walioko kule wanalisema kila siku kwa Kiswahili, "nimepata indefinite", wakiliacha nje neno lenyewe la ruhusa. Nadhani wamefanya haki. Wameshika sehemu inayowahusu, ile ya kutokuwa na mwisho.

Juu ya "licence" sina mengi. Ni ruhusa iliyogeuka karatasi, nasi tumeichukua nzima nzima tukaiita leseni. "Sanction" nitalitaja kwa onyo tu: kama ni jambo limepewa "sanction" na bodi, limeidhinishwa. Kama ni nchi imewekewa "sanctions", imewekewa vikwazo. Neno moja, mlango unafunguliwa na kufungwa. Soma sentensi nzima kabla hujagusa kalamu.

Nimezunguka kwa Waingereza kiasi hiki, nikajikuta narudi nyumbani kukagua ya kwetu. Nayo hayako matupu. "Ruhusa" tumeipata kwa Waarabu, na huko mzizi wake ni mmoja na wa "rahisi". Katika sheria ya Kiislamu rukhsa ni wepesi anaopewa mtu penye uzito: msafiri kufupisha swala, mgonjwa kufungua Ramadhani. Mzigo unapunguzwa. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Rukhsa, na waliokuwa wamepanga foleni za sabuni na sukari kabla yake waliisikia maana hiyo ya zamani bila kufundishwa na mtu. Milango ya biashara ilifunguliwa, maisha yakawa mepesi kidogo. Hakuna neno la Kiingereza kati ya yote niliyoyataja ambalo lingefaa kuwa lakabu ya rais na likabeba nafuu hiyo.

"Idhini" nayo ina siri. Kwa Kiarabu inachangia mzizi na sikio, na ndiko ilikotoka adhana na mwadhini. Kumpa mtu idhini ni, kwa asili, kumpa sikio: nimekusikia, nimekujibu. Kwa hiyo idhini bila kusikilizwa kwanza ni neno lililokatwa mzizi. Ninalikumbuka hilo kila ninapoona fomu ambayo mtu anatakiwa kuisaini kabla hajauliza swali.

Maneno yote hayo bado yalikuwa yananipa ruhusa inayoshuka. Fomu ya bibi ilihitaji kitu kingine, na Kiingereza kinacho: "consent". Kilatini chake ni kuhisi pamoja. Hapa hakuna mkubwa anayemwachia mdogo. Kuna mwenye mwili, mwenye nyumba, mwenye jina, na kuna mtu anayekuja kwake na jambo. Cheo cha anayekuja hakibadili kitu. Hukumu ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia majaribio wafungwa wa kambini, iliyotolewa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1947, ilitoka na kanuni kumi za utafiti juu ya binadamu, na ya kwanza inaanza na "consent" ya hiari. Halikuchaguliwa "permission". Watu waliofanyiwa ukatili kambini hawakuwa na cheo cha kumruhusu mtu yeyote. Walikuwa na miili yao, na hiyo ilitosha kuwapa neno la mwisho.

Fomu tuliyopewa sisi ilikuwa na kichwa chenye "consent" kwa herufi kubwa, halafu kwenye mstari wa saini mwandishi wake akaweka "permit". Sikuliona. Nilitafsiri maneno badala ya kutafsiri fomu.

Basi nilipokuwa pale kwenye benchi nikajaribu lingine. "Bibi, tukisema 'nimeridhia'?" Ridhaa ndiyo neno tunalolitumia kwenye kazi hizi, na ni neno zuri, lina radhi ndani yake. Bibi akalitafuna. "Kuridhia ni moyo kutulia. Wangu haujatulia, nitakudanganya nini? Sindano ni sindano. Lakini nataka apimwe."

Nikashindwa kuandika kwa muda. Kiingereza hakikuwa na tatizo hilo. Mtu anaweza kutoa "consent" huku anatetemeka, na inahesabika. Kwetu ridhaa inadai moyo. Nikamjaribu na "nimekubali", nikasema na kasoro yake kabla hajaniambia yeye, maana nimekwisha kuliona mahakamani: mshtakiwa akikubali, amekubali kosa. Na mbele ya mkubwa "nimekubali" mara nyingi ni njia ya kumaliza mazungumzo. Muuguzi aliyekuwa anatusikiliza akaongeza kwamba wapo wanaonyamaza tu, nao wanaandikwa kuwa wamekubali. Bibi akatikisa kichwa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema.

Nilikumbuka England, ambako tangu mwezi Mei 2020 mtu mzima ambaye hakuandikisha kukataa huhesabiwa kuwa amekubali viungo vyake vitolewe akifa, na wanaliita jambo hilo "deemed consent". Sheria ina makusudio mema na ndugu bado huulizwa. Lakini neno limesogezwa mahali ambapo mithali yetu isingelifuata.

"Wewe ungesemaje, bibi?" nikamuuliza. Lilikuwa swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, kama la mlinzi.

"Nimeelezwa, nimeelewa, mtoto atolewe damu."

Atolewe. Hakutumia neno lolote la ruhusa. Alikunja tu mwisho wa kitenzi, kama tunavyofanya tukisema twende, aingie, wakae. Biblia ya Kiingereza inasema "Let there be light", na waliotafsiri ya Kiswahili hawakuhangaika na kuruhusu wala kuacha, waliandika "Iwe nuru". Herufi moja ya mwisho inabeba mapenzi ya msemaji, na haiulizi msemaji ana cheo gani. Nimekuwa nikiitumia tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuifikiria kama jibu.

Tukaandika: "Nimeelezwa, nimeelewa, na kwa hiari yangu nimesema mtoto wangu atolewe damu. Nikibadili mawazo nitasema, na haitachukuliwa tena." Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hapo ni mimi."

Ilibaki karatasi ya mtoto. Kwa kazi hizi Kiingereza kina neno jingine tena, "assent", la mtu ambaye hajafikia umri wa kutoa "consent" lakini ana akili ya kusema ndiyo au hapana. Ni neno lilelile la mfalme wa Uingereza anapoukubali mswada wa bunge, na linanigusa kwamba mfalme na mtoto wamepewa neno moja. Kiswahili hatuna lililozoeleka, tukaandika "Je, unakubali?" na nafasi ya alama ya vema.

Nikamsomea. Nilipofika kwenye mililita 5, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, alijitoa begani kwa bibi.

"Kijiko cha chai au cha uji?"

"Cha chai."

"Nikisema sitaki?"

"Hutolewi."

"Hata bibi akisema nitolewe?"

Nikamtazama bibi. Alikuwa anatazama mikono yake. "Hata bibi akisema," nikajibu.

Akafikiri, akachukua karatasi mkononi mwangu, akaiangalia, akanirudishia. "Isome tena," akasema, "anzia pale pa kijiko."